Moja Kopa, Moja ya Nini? Mnada wa Briji kwa Anayeanza

Jioni moja pale Mikindani, tumekaa barazani upepo wa ghuba unapunga, kijana wa jirani alinijia na simu yake huku amekunja uso. "Shikamoo mwalimu. Hebu nitazamie hapa. Nimegawiwa kopa tatu, nikasema tatu kopa. Simu inasema nimeanguka vibaya. Kwani sina tatu?"

Nikaitazama. Kweli alikuwa na kopa tatu, tena ndogo. Kosa lake ni la kila anayeingia kwenye briji akitokea kwenye karata zetu za baraza: alidhani ile namba inahesabu karata alizoshika. Tangu siku hiyo wamekuja wengine wanne watano na swali hilohilo, kwa kuwa mchezo wenyewe sasa unapatikana kwenye simu na haumweleweshi mtu kitu. Nimeona afadhali niliandike jambo hili kwa utulivu. Mchezo ni mzuri, na mlango wake mgumu ni huu wa mnada tu. Kucheza karata zenyewe, aliyezoea turufu hahitaji kufundishwa sana.

Tuanze na meza. Wanacheza watu wanne, wawili kwa wawili, na mwenza wako ndiye anayekaa mkabala na wewe. Karata zote 52 zinagawiwa, kila mtu anapata 13. Mmoja anatoa karata, wengine wanafuata rangi ileile (kopa, shupaza, uru au pau), mwenye kubwa anakula. Zile karata nne zilizoliwa kwa mzunguko mmoja nitaziita fungu, kama fungu la nyanya sokoni. Kwa hiyo kila mchezo una mafungu 13 ya kugombewa. Asiyekuwa na rangi iliyotolewa anaweza kukata kwa turufu, ile rangi inayozila nyingine zote, au akatupa karata yoyote nyingine. Hayo mnayajua.

Tofauti ni kwamba hapa turufu haitokani na karata iliyofunuliwa. Turufu inanunuliwa, na inanunuliwa kwa ahadi. Kabla karata ya kwanza haijatolewa, watu wanne wanapigana mnada: kila mmoja kwa zamu anataja dau, na dau lina vitu viwili, idadi na rangi. Idadi ni mafungu ambayo wewe na mwenza wako mnaahidi kuyala. Rangi ndiyo itakayokuwa turufu. Basi "moja kopa" maana yake ni: mimi na mwenzangu tutakula kadhaa, na kopa iwe turufu.

Kadhaa ngapi? Hapa ndipo kijana alipojikwaa. Mafungu ni 13, na anayenunua lazima aahidi angalau zaidi ya nusu, yaani saba. Sasa kwa kuwa hakuna anayeweza kuahidi chini ya saba, wachezaji hawajisumbui kuyataja yale sita ya mwanzo. Sita ni sakafu ambayo kila dau linasimama juu yake. Ukisema moja, umeahidi saba. Ukisema mbili, nane. Ukisema saba, umeahidi yote 13. Kijana wangu kwa kusema tatu kopa alikuwa ameahidi mafungu tisa, mkononi ana kopa tatu ndogo na mfalme mmoja wa pau.

Watu wa Mtwara na Lindi tunajua minada, lakini minada yetu si ya aina moja, na ukishika mfano usiofaa utapotea. Mnada wa korosho tuliouzoea tangu stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza mazao kupitia ghala, ianze mwaka 2007 ulikuwa wa siri: mnunuzi aliandika bei yake, akaitumbukiza kwenye sanduku, halafu masanduku yakafunguliwa mbele ya wakulima. Alikuwa hajui mwenzake kaandika nini. Briji haiko hivyo. Briji ni mnada wa samaki wa pwani. Mnadi ameweka rundo la vibua chini, anaita elfu kumi, mama mmoja anasema kumi na mbili, mwingine kumi na tano, kila mtu anasikia na kila sauti inampa mwingine habari. Yule mama akinyamaza kwenye kumi na tano, umejua mfuko wake unaishia wapi.

Na habari ndiyo roho ya mnada wa briji. Humwoni mwenza wako karata zake, naye hazioni zako. Mna karata 26 kati yenu na njia pekee ya kuambiana mmeshika nini ni hayo madau. Kila dau ni ahadi na papo hapo ni taarifa. Anayelichukua kama ahadi tu atakuwa mwoga. Akilichukua kama taarifa tu, ataropoka mpaka juu na mkataba utamwangukia.

Ngazi ya mnada ina mpangilio wake. Rangi ya chini kabisa ni pau, ile yenye majani matatu meusi. Juu yake uru, kisha kopa, kisha shupaza, na juu ya zote ipo "bila turufu", yaani tunacheza pasipo rangi ya kukata. Kila dau jipya lazima lipande: baada ya moja kopa unaweza kusema moja shupaza, lakini ukitaka pau itabidi useme mbili pau. Ngazi saba kwa rangi tano, madau 35 kwa jumla. Asiyetaka kupanda anasema pasi. Pasi tatu zikifuatana, mnada umekwisha na dau la mwisho ndilo mkataba.

Niseme kuhusu hili neno dau, kwa sababu limeniletea maswali kutoka kwa wazee. Wapo wanaosikia mnada, dau, mkataba, wakahitimisha kwamba briji ni kamari. Dau hapa si pesa. Hakuna shilingi inayowekwa mezani. Kinachopandishwa ni ahadi ya mafungu, na kinachoandikwa mwishoni ni alama kwenye karatasi. Kwenye mashindano makubwa hata ile bahati ya kugawiwa wanaipunguza: karata zilezile zinahamishwa meza hadi meza, kila jozi inazicheza, halafu wanalinganisha nani alizitumia vizuri zaidi. Briji ilichezwa kwenye Michezo ya Asia ya mwaka 2018 kule Indonesia, medali zikatolewa kama kwenye mbio na kuogelea. Kuna watu watacheza chochote kwa pesa, hata bao, lakini hilo haliufanyi mchezo wenyewe kuwa kamari.

Sasa twende kwenye maamuzi. Umegawiwa 13. Unasema nini?

Kwanza hesabu nguvu. Ree, ambayo wengine huiita asi, ipe alama 4. Mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1. Nyingine zote hazina alama. Ukijumlisha karata zote za mchezo zinakuja alama 40, kwa hiyo mkono wa kawaida una 10. Mwenye 12 au zaidi yuko juu ya kawaida, na huyo ndiye anayefungua mnada. Chini ya hapo, kwa anayeanza, ni pasi. Wenye karata dhaifu lakini rangi moja ndefu sana, kama shupaza saba, hufungua kwa kuruka mpaka ngazi ya tatu ili kuwabana wapinzani, ila hilo acha kwanza.

Pili tazama urefu. Hapa kuna imani potofu ambayo imekaa vichwani mwa wachezaji wengi wa baraza, kwamba unataja rangi yenye wazungu wengi, yaani karata za picha. Sivyo. Unataja rangi uliyonayo kwa wingi. Ukiwa na ree, mfalme na malkia wa uru, tatu peke yake, na ukawa na shupaza tano zinazoanzia ghulamu kushuka, unataja shupaza. Sababu ni kwamba ile ree na mfalme wa uru watakula mafungu yao hata uru isipokuwa turufu. Lakini shupaza ndogo kama nne na tano hazili kitu mpaka ziwe turufu. Turufu inazipa karata ndogo kazi, kwa hiyo unaitafuta mahali karata zilipo nyingi.

Kanuni ambayo wengi hufundishwa siku hizi ni hii: kufungua kwa moja kopa au moja shupaza, uwe na tano za rangi hiyo. Huna tano? Taja uru au pau, ile iliyo ndefu. Na kama mkono wako umetulia, rangi zote zina karata mbili au zaidi na hakuna iliyozidi sana, na una alama 15 hadi 17, sema moja bila turufu. Wapo wanaofuata mtindo wa Kiingereza uitwao Acol, ambao kopa nne zinatosha kufungulia, na bila turufu yao ni ya alama 12 hadi 14. Mtindo wowote unafaa. Kisichofaa ni wewe kufuata huu na mwenza wako ule, kwa sababu hapo mtakuwa mnasemeshana lugha mbili.

Tuchukue mkono mmoja tuutazame kwa karibu. Umegawiwa hivi: shupaza ree na saba; kopa mfalme, malkia, tisa, nane, nne; uru ree, sita, tatu; pau kumi, tano, mbili. Hesabu: ree mbili ni 8, mfalme 3, malkia 2. Jumla 13. Kopa ziko tano. Unafungua moja kopa bila kusita.

Kwa dau hilo dogo umemwambia mwenzako mambo mawili: nina alama 12 au zaidi, na nina kopa tano au zaidi. Sasa mzigo umehamia kwake, na kwa kweli uamuzi wa anayejibu ni mwepesi kuliko wa anayefungua, kwa sababu yeye anajua mambo mengi zaidi. Swali lake la kwanza: tunakutana wapi? Jozi ikiwa na karata nane za rangi moja kati ya 13, wapinzani wamebakiwa na tano tu, na hiyo ni turufu nzuri. Yeye akiwa na kopa tatu, tano zako na tatu zake ni nane. Pamepatikana. Swali la pili: twende juu kiasi gani? Anajumlisha alama zake na zile 12 au 13 zako.

Sema mwenza ana shupaza mfalme, tisa, sita, mbili. Kopa ghulamu, saba, tatu. Uru nane na nne. Pau mfalme, tisa, saba, sita. Alama 7. Anajibu mbili kopa. Maana yake: kopa ninazo, nguvu yangu ni ndogo, 6 hadi 9. Wewe mwenye 13 unajumlisha: 13 na 9, hata kwa bahati nzuri, ni 22. Unasema pasi. Mkataba ni mbili kopa, mafungu nane, na karata hizi zinaweza kuyatoa.

Sasa mbadilishie mwenza karata. Shupaza mfalme, malkia, tisa, mbili. Kopa zilezile tatu. Uru nane na nne. Pau ree, mfalme, saba, sita. Alama 13. Akijumlisha na zako, angalau 25. Huyu haruhusiwi kusema mbili kopa na kutulia. Atafika nne kopa, yaani mafungu kumi, ama moja kwa moja ama kwa kutaja shupaza kwanza kisha kurudi kopa. Hebu yahesabu: shupaza ree, mfalme na malkia, matatu. Kopa zikiwa zimegawanyika kwa wapinzani tatu kwa mbili, ambavyo ndivyo hutokea mara nyingi, mnampoteza ree tu na mnakula manne. Ree ya uru, moja. Ree na mfalme wa pau, mbili. Jumla kumi.

Kwa nini tujisumbue kupanda hadi nne? Si tungebaki mbili kopa, tukala kumi zetu kwa raha? Swali hili huulizwa na watu makini, na jibu lake ndilo lililoipa briji ya leo sura yake. Kila fungu ulilokula juu ya yale sita lina thamani: 20 kwa pau na uru, 30 kwa kopa na shupaza, na kwa bila turufu 40 la kwanza kisha 30 kila moja. Thamani ya ulichokiahidi ikifika 100 mmefikia mkataba mkubwa, na mkataba mkubwa una zawadi nono: 300, au 500 kama jozi yenu iko "hatarini", hali inayoongeza zawadi na adhabu pia. Mkiishia chini ya 100, zawadi ni 50 tu. Kwa hiyo mkisema mbili kopa na kula kumi, mnapata 120 na 50, jumla 170. Mkisema nne kopa na kula kumi zilezile, 120 na 300, jumla 420. Karata zilezile, mchezo uleule.

Huku kwetu jambo hili lina jina. Ni kangomba. Mkulima ana korosho safi shambani, msimu bado, anakuja mtu na kipimo chake anazichukua kwa bei ya kutupa, halafu mnada ukifunguliwa mkulima anasikia wenzake wameuza kwa bei gani. Korosho hazikuwa mbaya. Kilichomponza ni kukubali mapema bei isiyolingana na mzigo. Mwenye alama 13 anayejibu mbili kopa ameuza kangomba, na uchungu wake ni uleule, kwa sababu akimaliza kucheza anajionea mwenyewe mafungu kumi yamepangwa mbele yake.

Zamani ilikuwa si hivyo. Katika briji ya awali uliweza kuahidi kidogo, ukala kingi, na kingi hicho kikahesabiwa kwenye mkataba mkubwa, basi kila mtu alijificha chini. Ufaransa walikuwa na mchezo uitwao plafond uliodai uahidi kwanza. Mwaka 1925 Mmarekani Harold Vanderbilt, akiwa kwenye meli iliyokuwa inapita mfereji wa Panama, alipanga hesabu mpya yenye sharti hilo na hizo zawadi za hatari, akaijaribu na wasafiri wenzake. Hesabu hiyo ilienea haraka sana, na ndiyo tunayoicheza, ingawa namba zake zimerekebishwa hapa na pale.

Basi kumbuka vizingiti. Alama 25 au 26 kati yenu, lengeni nne kopa, nne shupaza, au tatu bila turufu. Tano za pau au uru zinahitaji mafungu 11, na kwa hayo mnataka kama 29, ndiyo maana wenye uru nyingi mara kwa mara huikimbilia tatu bila turufu. Mwenza anayejibu moja kopa yako akiwa wa kati, mwenye 10 hadi 12 na kopa tatu, anasema tatu kopa: namwambia mwenzangu nipo karibu, ukiwa na ziada kidogo tupande, kama huna tubaki. Mwenye chini ya 6 anasema pasi. Na pasi hii si kushindwa. Vijana wanaiona kama aibu, wanataja kitu ili tu waonekane wapo. Pasi nayo ni taarifa, inamwambia mwenza asitegemee kitu kwako, na ahadi isiyotimizwa inagharimu 50 kwa kila fungu lililopungua, 100 mkiwa hatarini.

Asiyekuwa na kopa tatu afanye nini? Kama ana shupaza nne na alama 6, aseme moja shupaza, kwani bado yuko ngazi ya kwanza na hajamgharimu mtu. Kupanda ngazi ya pili kwa rangi mpya kunataka 10 au zaidi. Akikosa vyote viwili lakini ana zile 6 hadi 9, moja bila turufu ndiyo njia yake ya kusema nipo, ila sina cha maana.

Wapinzani nao hawakai kimya, wataingilia, na wanaweza hata kutaka mkataba wako uhesabiwe maradufu. Hayo yana somo lake. Kwa anayeanza inatosha kujua kwamba kuingilia kunataka rangi nzuri ya karata tano, vinginevyo utakuwa unawapa wapinzani ramani ya karata zako bure.

Jambo la mwisho ni la adabu, nami nalipa uzito mkubwa. Kwenye karata zetu kukonyezana ni sehemu ya utamu: unashika sikio, mwenza anaelewa una mzungu gani. Kwenye briji hilo ni wizi. Habari yote ipite kwenye dau, na maana ya dau wapinzani wana haki ya kuijua. Wakikuuliza mbili kopa ya mwenzako ina maana gani, unawaambia. Mashindanoni hata sauti imeondolewa. Kila mchezaji ana kisanduku chenye kadi za madau, anachomoa anayotaka na kuiweka mezani, ili asije mtu akasema "mbili kopa" kwa unyonge ama kwa kishindo na mwenza akasoma kilichofichika.

Juzi yule kijana alinionyesha simu tena. Mwenza wake wa kwenye simu alikuwa amefungua moja kopa, na yeye ana kopa nne na alama 11. Alikaa nayo kitambo, midomo inahesabu. Akagusa tatu kopa. Mwenza akasema pasi. Wakacheza, wakala mafungu tisa kamili, akaniachia simu akaenda kuitikia adhana ya magharibi.